Kitasa Kisicho na Tundu la Ndani

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu zitangulie, maana nikianza na habari nitazisahau, nawe utanisema mwaka mzima. Hujambo wewe? Hawajambo wanao na wajukuu? Na lile goti lako la kushoto, linalotabiri mvua kuliko redio, linaendeleaje? Mimi sijambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo akiwa amekaa. Presha imetulia, na meno machache yaliyobaki yanaelewana. Mkwe wangu anakusalimu. Mwanangu naye angekusalimu kama angejua kwamba nakuandikia.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu ninayo, lakini kwenye simu hujawahi kunipa nafasi hata ya kumaliza salamu, na haya ninayotaka kusema nikikatizwa sitayarudia.

Barua yako ilifika wiki iliyopita, nimeisoma mara nne. Umenieleza kwamba binti yako anataka ufunge nyumba yako uhamie kwake, na kwamba anakusubiri umjibu kabla mwezi haujaisha. Umeniomba mimi kaka yako nikupe neno moja tu, ndiyo au hapana. Unanifahamu, neno moja sijawahi kuwa nalo, kwa hiyo vumilia. Ila kuna mahali katika barua yako paliponifanya nivue miwani niiweke mezani. Umeandika kwamba huoni sababu ya kukataa, kwa kuwa unataka uzee wako uwe kama wa mama, aliyetunzwa na mwanawe mpaka siku ya mwisho bila mguu wake kukanyaga tope. Kwa ajili ya maneno hayo nimeshika kalamu. Nitayafikia. Kwanza nikueleze ninavyoishi, kwa sababu barua zangu zote za mwaka huu zilikuwa na sijambo nyingi na ukweli kidogo.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nilijikwaa kidogo karibu na posta. Haikuwa kidogo, na wala sikujikwaa. Nilikuwa nimemeza dawa ya presha asubuhi bila kula kitu, nikatembea, nikapumzika kwenye benchi, kisha nikainuka ghafla kama kijana aliyeitwa na mchumba. Kizunguzungu kikanichukua. Nilipozinduka nilikuwa chini, na mama mmoja alikuwa ananipepea kwa bahasha yake. Wakaniuliza ninakaa wapi, nami, ulimi ukiwa mzito, nikawatajia mtaa wa karakana yangu ya zamani. Wasamaria wale wakanipeleka huko. Tukakuta pamekuwa saluni ya wanawake. Nikakalishwa chini ya ile mashine ya kukaushia nywele, wakatafuta namba ya mwanangu kwenye simu yangu, wakamwambia njoo umchukue baba yako, amepotea.

Sikupotea. Mtu aliyetoka kuzimia hutaja mahali alipokaa miaka arobaini, na mimi miaka arobaini nilikaa mbele ya jiliwa, kile chuma cha kubania, nikichonga funguo. Lakini neno kupotea likishatoka, nani atalirudisha? Mwanangu alinikuta pale nimezungukwa na wanawake wenye vichwa vya povu, akalia mbele yao wote, mwanamume mzima, msimamizi wa zamu kiwanda cha mabeseni, mwenye watu thelathini chini yake. Alisema hataweza kuishi siku akipigiwa simu aambiwe nimegongwa na gari. Nami nililia kwa kumwona analia, nikamwahidi nitafanya anavyotaka. Hapo ndipo nilipojiuza bila kuuliza ninauzwa kwa nani.

Jumapili iliyofuata alifungua sanduku langu la vifaa akitafuta kitasa imara. Alikitoa kimoja kikubwa cha zamani, akakisifu kwamba siku hizi hawatengenezi tena vitu kama hivi. Kitasa hicho upande wa nje kina tundu la ufunguo kama kitasa chochote, ila upande wa ndani hakina tundu wala mpini, ni bamba tupu la shaba. Nilimwangalia akikipachika kwenye mlango wa kutokea nje. Nilikuwa na neno moja la kumzuia, Chiriku, nikalimeza. Alipomaliza alichukua sanduku lote, na bisibisi zangu na tupa zangu, akalipeleka kazini kwake, akisema zina ncha na mikono yangu siku hizi inatetemeka.

Basi hivi ndivyo ninavyoishi, mwezi wa tano sasa. Mwanangu huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mkwe wangu, ambaye ni mwalimu, hutoka saa moja, naye ana ufunguo wake. Ananiachia chupa ya chai, chakula kilichofunikwa, dawa zimepangwa kwenye kisahani. Kisha nasikia kitasa kinageuka mara mbili. Nilimuuliza moto ukiwaka nifanyeje, akanijibu kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi, mtungi wa gesi wameshaufunga. Akirudi saa kumi ananiuliza nimeshindaje, namjibu nimeshinda. Hawanifokei, hawaninyimi kitu, nguo zangu zinapigwa pasi hata fulana za ndani. Laiti wangekuwa watu wabaya, ningepiga kelele majirani wakusanyike. Utampigia nani kelele kwamba unapendwa?

Kuna dirisha, lina nondo, linatazama ukuta wa jengo la pili. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi na nne. Mwanzoni zilikuwa kumi na moja, lakini hatua zangu zimefupika.

Nina rafiki mmoja tu anayenitembelea, nasema ananitembelea ingawa sijamwona uso tangu nifungiwe. Ni mzee wa mlango wa pili, alikuwa kondakta wa mabasi ya masafa, na mpaka leo tunamwita Kondakta. Ana miaka sabini na minane, ananizidi minne, na anaishi peke yake. Kila siku saa nne anakuja na kigoda chake anakaa nje ya mlango wangu tunacheza dama. Yeye ana ubao wake huko, mimi nina wangu huku, kila mmoja anatangaza kete aliyosogeza na mwenzake anaisogeza pia. Ninaamini ananiibia, maana huwezi kufungwa michezo tisa mfululizo na mtu aliyekuwa akikosea kuhesabu abiria. Lakini siwezi kufungua mlango nimkamate.

Huyo Kondakta naye huanguka, usidhani ni chuma. Wazee wa jengo letu walikuwa wamekubaliana zamani, na mimi nilikuwemo, kwamba kila anayeishi au kushinda peke yake akiamka anatundika kitambaa chekundu kwenye mpini wa mlango wake kwa nje, na jioni anakiingiza. Ikifika saa mbili asubuhi kitambaa hakijaonekana, jirani anagonga. Asipojibiwa, anafungua kwa ufunguo wa akiba, kwa kuwa kila mmoja ana wa mwenzake. Mwezi wa pili Kondakta aliteleza bafuni, akalala hapo akiwa ameumia nyonga. Saa mbili na dakika kumi walikuwa wameshamfikia. Leo anapanda na kushuka ngazi kwa kamba aliyoifunga mwenyewe, na sokoni anakwenda, na mboga anachagua mwenyewe na kugombana na muuzaji. Nilimweleza mwanangu habari ya kitambaa, nikamwomba aniache nirudi kwenye utaratibu ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kuuweka uhai wa baba yake kwenye kipande cha nguo.

Nikuambie jambo linalonitisha kuliko yote. Kwenye zahanati kuna mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mkali kama pilipili kichaa. Baada ya lile anguko alinipima. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame na kukaa bila kushika kitu, naye akatazama saa kwa nusu dakika. Nikafanya mara kumi na mbili. Alifurahi, akasema miguu ninayo, nisiipoteze, nile kabla ya dawa, nisiinuke ghafla, nitembee kila siku na ngazi nizipande. Mwanangu alikuwepo, lakini katika yote yale alisikia neno moja tu, kuanguka. Tangu nifungiwe najipima mwenyewe kila Jumatatu kwa saa ya ukutani. Kumi na mbili ikawa kumi. Ikawa nane. Wiki mbili zilizopita ikawa sita. Jumatatu hii nimefanya tano, na ya tano niliyumba. Suruali zangu zinaning'inia kama zimeanikwa. Naogopa, Chiriku. Sikuogopa kuanguka barabarani kama ninavyoogopa kiti hiki.

Najua unacheka chinichini, unajiuliza ni fundi funguo gani huyu anayeshindwa na mlango. Nilijaribu. Siku moja nilichukua kisu cha mezani nikazikabili bawaba. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili mkono ulitetemeka, kisu kikateleza, nikajikata kidole. Niliirudisha ile ya kwanza mahali pake, na jioni nikasema nimejikata nikimenya chungwa. Lakini nisikudanganye tena. Si mkono tu ulionizuia. Ningeweza kujaribu kesho yake na keshokutwa, sikujaribu. Nilikaa kwenye kiti nikajiambia ni zamu yangu.

Sasa nimefika.

Kitasa hicho nilikitengeneza mimi, mdogo wangu. Nilikitengeneza kwa ajili ya mlango wa mama.

Wewe ulikuwa mbali, umeshaolewa, watoto wadogo. Baba alipofariki mama akaja kukaa kwangu. Alikuwa mzima kabisa. Kila asubuhi alijitanda nguo yake akatoka, akaenda kukaa na yule rafiki yake mshonaji, wakapiga soga huku anamtungia uzi kwenye sindano, ingawa wote wawili hawakuona vizuri. Siku moja baiskeli ilimkosakosa. Siku nyingine mvua ilimkuta, akarudi magharibi na tope mpaka magotini, akicheka. Mimi sikucheka. Mke wangu, wifi yako marehemu, alikuwa kazini, mimi niko karakana, na kila simu ikilia kwenye duka la jirani moyo ulikuwa unaruka. Nikaona mimi ni fundi, kwa nini nihangaike? Nikachukua kitasa bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikaliziba tundu la ndani, nikakata bamba la shaba, nikalichonga kingo na kulisugua mpaka likawa kioo. Ilinichukua siku mbili. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, nami niliionea fahari.

Siku nilipokipachika mama alisimama nyuma yangu. Aliipapasa ile shaba kwa kidole, polepole, akitafuta tundu. Kisha akaniambia, mwanangu, kazi yako nzuri. Nilidhani amenisifu.

Wiki ya kwanza alikuwa akigonga, jirani wakaniambia. Baadaye akaacha. Mwezi wa tatu akawa anashika ukuta. Mwezi wa sita nikawa namwinua mimi. Mwezi wa nane ulikuja kumwona, ukamkuta kitandani kwenye shuka nyeupe, ukanikumbatia na kunishukuru kwa jinsi nilivyomtunza. Uliponiuliza amepatwa na nini, nikakujibu umri, miguu imemwishia yenyewe, na kwamba hapendi tena kutoka. Mama alikuwa anasikiliza. Alinitazama, akafumba macho, akaniachia uongo wangu. Haukuwa umri. Alikuwa na miaka sitini na tisa, umri wako wewe leo. Miguu ile niliimaliza mimi.

Baada ya mazishi niliking'oa kitasa. Hapo ndipo nilipoiona ile shaba kwa karibu. Chini yake, upande wa kulia, kulikuwa na mikwaruzo mingi, mifupi, imerundikana mahali pamoja, pale ambapo tundu lingekuwa. Nadhani alitumia mpini wa kijiko. Sikuweza kukitupa, sikuweza kukiuza, sikuweza hata kuisugua ile mikwaruzo. Nikakifunga kwenye gazeti nikakitia chini ya sanduku, nikanyamaza miaka thelathini na moja. Na mwanangu alipokitoa mwaka huu, ningemzuia kwa kumwambia hiki ni nini. Nikaona aibu. Wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kwamba ukishaingia utakuwa unakisifu udongo wake. Kila siku nakaa mbele ya mikwaruzo ile. Nimeihesabu hata sitaki kukutajia.

Nisamehe. Najua utasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, kwa sababu wewe una moyo wa namna hiyo. Lakini usiseme haraka. Kasirika kwanza, ni haki yako, alikuwa mama yako pia.

Niliishia hapo jana mchana, mkono ukachoka. Naendelea leo asubuhi, na kuna mapya.

Jana mwanangu aliporudi nilimwita akae mbele yangu, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikamshika mkono nikaupeleka kwenye ile mikwaruzo aiguse. Nilitegemea atakasirika, au atasema haya si sawasawa na yale. Hakusema hivyo. Aliniambia kwamba anakumbuka. Alikuwa na miaka saba. Alisema akitoka shule alikuwa anakaa barazani kutungoja, na bibi yake alikuwa anamsimulia hadithi kutoka ndani, mlango ukiwa katikati yao. Miaka yote alidhani ulikuwa mchezo wao wawili. Akaenda kulala bila kula.

Leo alfajiri nimemsikia akimwambia mkewe atangulie amngoje kituoni, kwani yeye atafunga. Wametoka wote wawili. Kitasa kikageuka mara mbili, kama kawaida, na moyo wangu ukaanguka nao. Lakini hakushuka. Alisimama nje muda mrefu, nikawa nasikia anavyopumua. Kisha kitu kikakwaruza sakafuni na ufunguo ukaingia chini ya mlango. Akaniambia akiwa huko nje kwamba huo ni wangu kuanzia leo, niende ninapotaka, ila nile kwanza, na ngazini nishike kamba ya Kondakta. Akateremka mbio kwa kuwa zamu ilikuwa imeshaanza.

Nikauokota, nikaenda nao mlangoni, nikainua mkono. Kisha nikacheka, Chiriku, nikacheka mpaka nikakohoa. Mkono wake ulifunga kwa mazoea, na kichwa kikasahau kwamba upande wangu hakuna pa kuuingiza. Nimekaa sasa na ufunguo wangu mwenyewe mapajani, mbele ya kazi yangu nzuri.

Sasa swali lako. Binti yako anakupenda, sina shaka, na kuishi na watu si kifungo. Lakini kabla hujahamisha hata mto, nenda kwake siku moja, ingia chumba atakachokupa, mwambie aufunge mlango, kisha ufungue mwenyewe, utoke, ushuke mpaka barabarani na urudi. Muulize jirani zake ni akina nani na kama watagonga usipoonekana. Ukiridhika, hamia. Usiporidhika, baki kwako na ununue kitambaa chekundu, na wa kukitazama, yule jirani yako mwenye mdomo kama wako atafaa sana. Na mpwa wangu mpe barua hii aisome yote. Mwambie ni mjomba wake aliyesema, na asinihurumie.

Nisalimie wajukuu wote, wakubwa kwa wadogo, hata yule anayeniita babu wa makufuli. Mwambie jirani yako wa nyuma kwamba ile saa yake aliyonipa niitengeneze sijaisahau. Na wewe jitunze, lakini usijitunze mno.

Saa nne inakaribia. Leo Kondakta akija sitatangaza kete. Nitausukuma ufunguo nje kwa njia ileile uliyoingilia, afungue yeye. Barua hii nitaipeleka mwenyewe. Ngazi ni arobaini na mbili, na miguu niliyo nayo ni ya mara tano. Tutapumzika kila ghorofa, na posta haifungi mpaka jioni.

Namsikia anaburuta kigoda chake. Ngoja niinuke, bila mikono.

Kaka yako,
Fundi Funguo